Mnaajiri walimu wa chuo, mnawapa neno moja tu: "utazoea"

Wakuu, habari za usiku. Nina hasira, mnivumilie nikirukaruka. Chuo sikitaji maana bado nakula hapo, ila kipo Mbeya, na najua kuna watu wa Iringa na Njombe watasoma hapa wadhani nawasema wao.

Jumanne natoka kipindini, namkuta binti kakaa kwenye ngazi za jengo letu na bahasha ya kaki mapajani. Ajira mpya. Karipoti tangu Ijumaa. Mkuu wa idara kasafiri Dodoma, masjala wanasema faili lake halijafunguliwa, ofisi aliyoelekezwa ina meza nne na watu sita. Nikamwambia, "Utazoea, mdogo wangu," nikapita. Sikufika mbali, neno lenyewe likanirudi.

Maana ndilo nililopokewa nalo mimi.

Nilikuja Juni, mtoto wa Tanga, na shati la mikono mifupi. Baridi ya hapa mnaijua. Koti langu la kwanza ni mtumba wa soko la Mwanjelwa, na aliyenielekeza ni dereva bajaji, si mtu wa chuo. Chumba na sebule Iwambi laki moja kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, dalali anataka ya mwezi mmoja yake. Hela ya kujikimu? Jaza fomu, bajeti ikipatikana utaitwa. Bado nasubiri kuitwa. Mshahara wa kwanza ulitoka mwezi wangu wa tatu kazini, na Bodi ya Mikopo ndiyo ilikuwa ya kwanza kunikaribisha kazini: asilimia 15 yao ya mshahara waliiona bila kuuliza njia.

Hayo ya tumbo niliyameza. Kilichonivunja ni darasa.

Wiki yangu ya tatu nikakabidhiwa kozi ya mtu aliyekwenda masomoni. Nasema nikakabidhiwa, ila nilichopewa ni ufunguo wa kabati. Ndani kuna kiroba cha karatasi za testi, nusu zimesahihishwa, nusu bado, na muhtasari wa kozi wa miaka mitatu nyuma. Wanafunzi 312. Zimebaki wiki nne mtihani. Hakuna aliyeniambia alama 40 za kazi za muhula zinaingizwa kwenye mfumo kabla ya tarehe fulani, na kwamba mfumo ukifungwa unaandika barua ya kujieleza ndipo ufunguliwe. Hakuna aliyeniambia mtihani unapelekwa na mwongozo wa kusahihisha, na mwenzako anaupitia kwanza. Nilirudishwa mara mbili, mara ya pili mbele ya makarani. Wale makarani wanajua kila kitu, hakuna aliyewahi kuwaambia wamfundishe mgeni.

Matokeo yakatoka, karibu nusu ya darasa wamekula supu, yaani wamefeli na wanarudia mtihani. Nikaitwa ndani. Naulizwa, "Mwalimu, uliwafundisha nini?" Swali zuri. Niliwafundisha nilichokikuta kwenye kiroba.

Sasa nisikilizeni. Mwalimu wa sekondari amesomea ualimu. Amekwenda mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wake akakaa dawati la nyuma na fomu anamtazama anavyoandika ubaoni. Sisi tunaofundisha chuo kikuu, TCU, wale wasimamizi wa vyuo vikuu, wanataka GPA ya 3.8 kwa mkufunzi msaidizi, ukiivuka na usaili ukapita, shika kipaza sauti. Na wenye PhD msicheke. PhD ni kuchimba shimo moja kwa miaka mingi. Haikufundishi kutunga swali lisilo na majibu mawili, wala kuongoza ukumbi ambao walio nyuma hawakusikii kwa sababu spika imekufa tangu muhula uliopita.

Kwenye barua yangu kulikuwa na mlezi wa kitaaluma. Jina lake na cheo chake vimepigwa chapa vizuri kabisa. Nilimtafuta wiki nzima. Alikuwa ameshastaafu.

Na mafunzo elekezi niliyapata, nisiwe mwongo. Matazamio yangu, ule muda wa kupimwa kazini, yalikuwa miezi 12. Mafunzo yalikuja mwezi wa 14. Siku mbili ukumbini: mavazi ya mtumishi, mtiririko wa barua, siri za ofisi. Kuhusu darasa, hakuna hata sentensi. Tukasaini mahudhurio, tukanywa chai, chapati zilikuwa nzuri. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi humu humu Mbeya, kwa hiyo hata umbali si kisingizio.

Mtasema hela. Mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu, ni dola milioni 425, mkopo wa Benki ya Dunia, tangu 2021, majengo yanapanda na watu wanapelekwa kusoma. Sina ugomvi na majengo. Ila ninachodai mimi hakihitaji Benki ya Dunia. Karatasi mbili zilizobanwa pini: nani anasaini nini, mfumo unafungwa lini, ukikwama umpigie nani. Anayeondoka akabidhi kozi kwa mdomo, mtu kwa mtu, siyo kwa kabati. Mgeni asipewe watu 300 muhula wa kwanza, na mkongwe mmoja akae nyuma ya darasa lake mara mbili tu, kisha wakanywe chai wasemezane. Hiyo chai nitalipa mimi.

Wakongwe najua mnakuja na "enzi zetu". Enzi zenu wengi wenu mmetusimulia wenyewe: mlianza kwa kuongoza semina za watu kumi na tano chini ya profesa aliyewajua kwa majina. Msitulinganishe.

Yule binti nilimrudia. Nilimkuta palepale, kahama ngazi moja kulikimbia jua. Nikampeleka kwa mzee anayetunza funguo, nikamwonyesha ukumbi wenye spika inayofanya kazi, na karani wa mitihani wa kumsalimia kila asubuhi hata kama huna shida. Akaandika vyote kwenye daftari. Kisha akaniuliza kozi yake ni ipi, maana hajaambiwa. Nikaangalia ratiba ubaoni. Ni ile ile ya kiroba. Wameongezeka, sasa ni 340, na anaanza Jumatatu.

Walioko vyuo vingine huku Nyanda za Juu, nyie mlipokewaje? Na mwenye chumba Isyesye au Soweto kisichodai miezi sita aje piemu. Siyo changu.