Kizunguzungu cha kubadili mkao: mbona daftari letu zima ni "mfereji wa nyuma"?

Tabibu_Ngamiani: Wakuu, habari za leo. Tunakusanya takwimu za BPPV (hicho kizunguzungu cha kubadili mkao) za kliniki ya masikio hapa Tanga. Karibu wagonjwa wote wameandikwa mfereji wa nyuma (mmoja wa mifereji mitatu ya sikio la ndani), wa pembeni ni wa kuhesabu, wa mbele hakuna. Kipimo ni Dix-Hallpike (kumlaza mgonjwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, ukitazama macho) peke yake. Takwimu hizi zina mashiko?

Mizani_ya_Sikio: Hazina, dokta. Wa nyuma kuongoza ni kawaida, maana ndio ulio chini na chembe za kalisiamu zikibanduka huishia humo. Ripoti nyingi huupa asilimia 80 hadi 90, wa pembeni 10 hadi 20, wa mbele ni nadra. Ila Dix-Hallpike hulenga wa nyuma. Wa pembeni unaupita hivi hivi. Mlaze mgonjwa chali, inua kichwa nyuzi 30, kigeuze haraka nyuzi 90 kulia, subiri macho yatulie, kisha kushoto. Macho yakipiga (yaani yakichezacheza, mrusho wa haraka) kuelekea ardhini pande zote, sikio bovu ni la upande ambao kichwa kikigeuzwa huko yanapiga kwa nguvu zaidi. Yakipiga kuelekea dari, ni la upande ambao kichwa kikigeuzwa huko yanapiga kinyonge. Hapa ndipo watu hutibu sikio lisilo bovu!

Fizio_Raskazone: Naongezea: andikeni na tarehe dalili zilipoanza. Wa pembeni huwahi kupoa wenyewe, hivyo anayefika kutoka Lushoto baada ya wiki tatu huenda umeshaisha. Ndiyo maana wanaopimwa mapema huonyesha wa pembeni wengi zaidi. Halafu sinarizini (dawa ya kizunguzungu) na ndugu zake hufifisha mchezo wa macho. Kama hali inaruhusu, asinywe siku mbili kabla ya kipimo.

Tabibu_Ngamiani: Shukrani, dada. Na macho yakipiga kuelekea kidevuni?

Mizani_ya_Sikio: Usikimbilie kuandika "wa mbele". Yakianza papo hapo bila kuchelewa sekunde chache, yasikome ndani ya dakika moja, au mgonjwa akiona vitu viwili viwili, akiongea kwa kukokota au kushindwa kusimama, shuku ubongo na mpe rufaa. Jambo jingine: baada ya Epley (tiba ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zitoke mferejini) chembe zinaweza kuhamia mfereji wa pembeni. Rudia vipimo vyote viwili, lakini kwenye hesabu aingie mara moja, kwa mfereji alioanza nao.