Kiingereza kinanipoteza nikijifunza Kislovakia. Nianze upya kwa Kiswahili?

MamaNuru_Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mslovakia, tunaishi mji wa Žilina, Slovakia, na mtoto wetu wa miaka minne. Mimi na mume wangu tunazungumza Kiingereza. Mama mkwe hajui Kiingereza hata neno, naye ndiye ninayeshinda naye kutwa mume akiwa kazini. Basi mwaka jana nilinunua daftari kubwa, nikaorodhesha maneno 300 ya Kiingereza yanayotumika kila siku, na mbele ya kila neno nikaandika la Kislovakia kwa msaada wa programu ya kutafsiri kwenye simu. Nimefika neno la 212. Hapo nimesimama, kwa sababu kila ninapolitumia daftari naharibu.

Nianze na neno "married". Programu ilinipa "ženatý". Nilishajua sifa ya mwanamke huishia na -a, nikaandika "ženatá", nikaenda nayo kwenye ofisi moja kujaza fomu ya ukaazi. Mama aliyekuwa dirishani akasimamisha kalamu, akaniambia taratibu, "Vydatá." Nyumbani nikamuuliza mama mkwe. Akanieleza kwa pete yake na kwa mikono: mwanamume ndiye "sa ožení", anapata "žena", yaani mke. Mwanamke yeye "sa vydá", anatolewa kwao. Nilikaa kitako nikalia kidogo, nawaambia kweli. Maana hiyo si kuoa na kuolewa? Hakuna mtoto wa Tanga anayeweza kusema dada yake ameoa. Tofauti hiyo nilikuja nayo kutoka kwetu, nikaiacha mlangoni kwa sababu nilipitia neno la Kiingereza lisilokuwa nayo.

Nikakumbuka mengine. Wiki ya kwanza nilipofika, mama mkwe aliniuliza, "Vieš variť?" Nililijua "variť", kupika. Kwenye daftari langu "can" ni "môcť", basi nikajibu kwa furaha, "Môžem." Akanivua koti, akanifunga aproni. Kumbe "môžem" ni naweza kwa maana ya nina nafasi, hakuna kinachonizuia. Ujuzi wanasema "viem", najua. Na sisi je? Si tunasema najua kupika, najua kuogelea? Jibu lilikuwa mdomoni mwangu tangu utotoni. Siku ile nilipika wali macho yakifumba, nimetoka safarini usiku kucha.

Halafu saa. Kliniki ya mtoto ilinipa miadi "o pol piatej". Daftari linasema "half" ni "pol" na "fifth" ni "piaty", nikahesabu tano na nusu, yaani kwa saa zetu kumi na moja na nusu jioni. Nikafika na mtoto mgongoni kwenye theluji, mlango umefungwa. "Pol piatej" ni 16:30! Wao hutaja saa inayojazwa: saa ya tano imejaa nusu. "Štvrť na päť" ni 16:15, imejaa robo, na "trištvrte na päť" ni 16:45. Ukishaelewa ni kitu kizuri, lakini orodha ya maneno moja moja haiwezi kukuambia.

Na jambo moja limenikera miezi mingi bila kujua. Programu hunipa maneno ya kiume. Niliandika "Som unavený", nimechoka, nikawa naisema mbele za watu, wakati mwanamke anatakiwa kusema "unavená". "Bol som", nilikuwa, nilipaswa kusema "bola som". Kiingereza hakisemi mzungumzaji ni nani, basi mashine inamkisia mwanamume.

Swali langu: nilichane daftari nianze upya kutoka Kiswahili? Aliyepita njia hii alifanyaje?

---

FundiMstaafu_Morogoro

Binti yangu, pole, na hongera kwa kufika 212. Mimi nilisomea uhandisi Bratislava miaka ya 80, wakati bado ni Chekoslovakia, kabla nchi haijagawanyika 1993. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha tu. Tulikuwa Watanzania wawili darasani na kamusi moja ya Kiingereza na Kislovakia, imekatika jalada.

Daftari usilichane. Ila vitenzi vyote ulivyoandika, rudi navyo mwanzo. Nina hakika kila kitenzi umekiandikia neno moja, na Kislovakia karibu kila kitenzi huenda kwa jozi. Chukua kununua. Kuna "kupovať" na "kúpiť". La kwanza ni kununua kunakoendelea au kunakojirudia, la pili ni kununua kukaisha. "Kupoval chlieb", alikuwa akinunua mkate. "Kúpil chlieb", alinunua, mkate uko mezani. Sasa angalia mtego ulionitesa mimi: "kupujem" ni ninanunua, lakini "kúpim", ingawa imevaa sura ya wakati uliopo, ni nitanunua. Ukimwambia mama mkwe "kúpim chlieb", anasubiri mkate. Programu ukiiandikia "buy" itakutupia moja kati ya hayo mawili, bila kukwambia kwamba lina ndugu yake.

Kuna Taasisi ya Isimu ya Ľudovít Štúr kule Bratislava, imepewa jina la yule aliyewawekea Waslovakia lugha yao sanifu miaka ya 1840. Kamusi zao ziko mtandaoni bure. Ni za Kislovakia kwa Kislovakia, usiogope. Kwenye kitenzi utaona "dok." au "nedok.": la kwanza ni tendo lililokamilika, la pili lisilokamilika. Kwenye nomino utaona m., ž. au s., yaani jinsia ya kiume, ya kike na ya kati. Mswahili hashangai hapo. Sisi nasi neno halijakamilika mpaka ujue ngeli yake.

Mawili madogo. "Ch" kwao ni herufi moja, hukaa baada ya H. Mimi nilitafuta "chlieb" kwenye C jioni nzima. Husomwa kama kh ya kheri. Na alama ya juu ya irabu, ile "dĺžeň", iandike kila mara: "sud" ni pipa, "súd" ni mahakama.

Tena mama mkwe usimwambie "ty", yaani wewe, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu. Kiingereza kina "you" moja kwa mtoto na kwa mzee. Waslovakia mkubwa humwambia "vy", kama kumsemesha mtu mmoja kwa nyinyi.

---

Otieno_wa_Kosice

Dadangu MamaNuru, shikamoo kwa Mzee pia. Mimi natoka Kisumu, niko Košice mwaka wa sita, kiwandani. Naomba nipinge kidogo kabla hujakiweka Kiingereza kando kabisa.

Kiswahili nacho hudanganya, na kilinidanganya mahali pabaya. Sisi tuna "yeye" tu. Mama, baba, mtoto, wote ni yeye, wote "amekuja". Kislovakia kina "on" na "ona", na kitenzi cha wakati uliopita hufuata: "prišiel" kwa mwanamume, "prišla" kwa mwanamke. Nilipokuwa nikitafsiri kutoka Kiswahili kichwani, nilimwambia msimamizi wetu "prišiel" juu ya mwenzetu wa kike, wakaanza kumtafuta mtu mwingine na mashine imesimama. Hapo Kiingereza ndicho kilichonisaidia, kwa sababu mwenye kusema Kiingereza ameshazoea kuchagua kati ya "he" na "she".

Angalia pia "kuweka". Kwetu unaweka kitu, basi. Wao kitu cha kulazwa ni "položiť", cha kusimamishwa ni "postaviť". Sahani unailaza, chupa unaisimamisha. Hapo Kiingereza na Kiswahili vyote viwili havikusaidii, angalia mama mkwe anavyopanga meza.

Lakini nakubali kuna maneno ya Kiingereza ni hatari zaidi kwa vile yanafanana. "Aktuálny" inahusu kilicho cha sasa, maana yake si ile ya "actual", halisi. "Eventuálne" ni labda, au ikibidi. Niliisoma kwenye ratiba ya zamu nikaielewa kama "eventually", mwishowe, nikafika Jumamosi ambayo sikuitwa. "Sympatický" ni mtu anayependeza, mwenye roho nzuri. "Šéf" ni bosi, si "chef" wa jikoni. Na ukisikia mtu kwenye simu "no hej, no hej", anakubali: "hej" ni ndiyo ya kawaida mtaani.

Kuhusu kupenda, najua umeandika "love" ni "milovať". Vijana hapa husema "milujem" hata juu ya viatu, lakini mezani sema "chutí mi", imeninogea. Kitu cha kupendeza macho ni "páči sa mi". Kitu unachokipenda siku zote ni "mám rada", kwa kuwa wewe ni mwanamke. Mimi husema "mám rád". Mumeo mwambie "ľúbim ťa".

Ushauri wangu: usiandike neno tena. Andika sentensi nzima uliyoisikia kwa mdomo wa mtu, na mbele yake Kiswahili chake. Kiingereza kibaki pembeni kwa penseli.

---

Mwalimu_Zainabu

Nimefundisha Kiswahili kwa wageni miaka mingi, na naona MamaNuru ameshajijibu. Ongeza moja kwenye orodha yako: "učiť" ni kufundisha, "učiť sa" ni kujifunza. Hiyo "sa" hapa inafanya kazi ile ile ya "ji-" yetu. Ukiiacha umesema unawafundisha wao Kislovakia. Na "ostrý" je? Kisu kikali ni "ostrý nôž", pilipili kali ni "ostrá paprika". Kiingereza kina "sharp" na "hot", maneno mawili, na hilo la pili likakuchanganyia pilipili na chai ya moto. Sisi tuna "kali", nao wana lao.

Hata kwenda. "Idem do školy" ni ninakwenda shule sasa hivi. "Chodím do školy" ni huenda, ndiyo desturi yangu. Wanafunzi wangu wa Kizungu "hu-" huwatoa jasho, wewe umezaliwa nayo.

---

MamaNuru_Tanga

Mzee wangu shikamoo, na nyote asanteni. Nimekaa na mama mkwe tangu asubuhi, daftari katikati yetu. Nimelifanya kama alivyosema Otieno: sentensi kushoto, Kiswahili kulia. Yeye ananisomea, mimi naandika, yeye anarekebisha alama za juu kwa kalamu nyekundu. "Učím sa po slovensky" nimeiandika ukurasa wa kwanza, na "sa" nimeizungushia duara.

Kisha nikataka kumwambia habari ya mjomba wangu wa Muheza, anayekuja kututembelea. Daftari la zamani lilisema "uncle" ni "strýko". Nikasema, "Príde strýko." Akauliza, "Z otcovej strany?" Upande wa baba? Nikasema hapana, ndugu wa mama. Akaweka kalamu chini, akanieleza kama mtu aliyepata wa kumwambia: kwao zamani ndugu wa baba ni "strýko", na mkewe ni "stryná". Ndugu wa mama ni "ujo", na mkewe ni "ujčiná". Siku hizi watoto humwita "ujo" mwanamume yeyote mzima, na mwanamke yeyote "teta", lakini yeye kwao kijijini walizishika zote nne. Nikamwandikia zetu pembeni: baba mdogo, mjomba. Akanitaka nizisome mara mbili, akarudia "mjomba" mpaka ikamkaa.

Tumeandika sentensi kumi na moja. Ya kumi na mbili imetukwamisha, ni "karibu". Mtu akiwa mlangoni, au ukimpa chai, mama mkwe anasema "nech sa páči", na hapo tumekubaliana. Lakini mgeni aliyetoka mbali anasema ni "vitajte", kwa heshima, au "vitaj" kwa uliyemzoea. Na karibu ile ya kumjibu aliyekushukuru anasema ni "nie je za čo". Nimeacha nusu ukurasa wazi. Kama kuna karibu nyingine niliyoisahau nitajieni, mjomba anafika tarehe 9 na mama mkwe anataka kumpokea kwa zote.