Ukoo wa Mzee Salehe

Shangazi Mwanaidi: Assalamu alaykum. Baba ana malengelenge ubavuni tangu juzi, analia kama kamwagiwa maji ya moto. Jirani kasema ni mkanda wa jeshi, ukizunguka ukakutana mtu anakufa 😭

Hamisi: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Si ndiyo ule wa ukimwi?

Rehema: Shikamoo shangazi. Hamisi acha hizo. Mwenye VVU huupata upesi kwa sababu kinga imeshuka, lakini Babu ana miaka 81, uzee peke yake unatosha.

Rehema: Habari ya kukutana isikutishe. Unafuata mshipa mmoja wa fahamu, na mshipa huo unaishia katikati ya mwili. Uko upande mmoja, sivyo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Kulia tu. Sasa kaambukizwa wapi na hatoki nyumbani?

Rehema: Alikuwa nao. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga aliyougua utotoni. Kinga ilimaliza vipele, ila kirusi kilishapanda na mishipa ya fahamu hadi karibu na uti wa mgongo, kikajificha. Kwa kawaida seli iliyoingiliwa huanika nje vipande vya kirusi, seli T, yaani askari wa kinga, zikiviona zinaiua. Huyu akiwa mafichoni hatengenezi karibu chochote, kwa hiyo hakuna cha kuanika. Akijaribu kuinuka, seli T zinamkaba. Zikichoka, anashuka na mshipa uleule hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana maumivu hutangulia vipele.

Baba Mdogo Idi: Kumbe mpangaji wa miaka sabini halipi kodi 😂

Mama Zuhura: Nilitaka Zuhura ampelekee uji. Ana mimba, na tetekuwanga hajawahi kuugua.

Rehema: Asije mama! Hatapata mkanda, ila maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga, na kwa mjamzito si ya kuchezea. Aje yote yakishakauka.

Rehema: Shangazi, hospitali leo hii. Dawa ya asaiklovia inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Inakizuia kirusi kisizaliane, kukidhibiti ni kazi ya kinga yake. Kikitokea kipele puani au karibu na jicho, usingoje kuche.

Shangazi Mwanaidi: Na majivu aliyoleta jirani?

Rehema: Asipake chochote.

Hamisi: Naita boda.

Baba Mdogo Idi: Boda na ubavu ule? Ita bajaji, nauli nimetuma.

Shangazi Mwanaidi: Anasema hatoki mpaka anywe chai 🙄