Je, Ujamaa ulishindwa na hulka ya binadamu?

Mwanafunzi wa Historia:

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wengine wote. Nimekuwa nikisoma maandiko ya Mwalimu Nyerere kuhusu Ujamaa, tangu yale ya 1962 hadi Azimio la Arusha la 1967, na kuna jambo linalonisumbua. Mwalimu aliijenga hoja yake juu ya picha fulani ya binadamu: kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alifanya kazi, kila mtu aligawiwa, na hata mgeni alipewa jembe siku ya tatu. Ikiwa watu walikuwa hivyo kweli, kwa nini kuanzia 1973 ilibidi kuhamia vijiji vya Ujamaa kuwe amri, na baadhi ya nyumba zichomwe moto ili wenyewe wasirudi? Mhadhiri wetu anasema binadamu ni mbinafsi kwa asili, basi. Mimi siridhiki, kwa sababu bibi yangu akiugua hadi leo majirani humlimia shamba. Naomba waliokuwepo wanisaidie.

Mzee wa Nyanda za Juu:

Marahaba, mwanangu. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 19 tulipohamishwa kutoka bondeni tukapangwa mistari kando ya barabara. Shamba la kijiji tulililima siku mbili kwa juma. Karani aliandika mahudhurio, na aliyefika alihesabiwa siku moja, awe amelima tangu alfajiri au ameegemea mpini. Mavuno yalipouzwa, fedha ziliingia katika mfuko wa kijiji ambao hatukuwahi kusomewa hesabu zake. Marehemu mama yangu alikuwa mchapakazi kuliko wanaume wengi, na msimu wa kwanza alililima shamba lile kama lake. Msimu wa pili akaanza kuzihifadhi nguvu zake kwa ajili ya robo eka iliyokuwa nyuma ya nyumba. Lakini mama huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye msiba, na wa kwanza kushika jembe jirani anapolala kitandani. Je, tumwite mbinafsi? Alijua kwamba jembe analompelekea jirani litarudi kwake siku atakapougua yeye, ilhali lile la shamba la kijiji hakujua linakwenda wapi. Baadaye tulipogawiwa vipande ndani ya shamba lile lile, kwa utaratibu wa bega kwa bega, kila kaya na kipande chake, magugu yaliisha.

Mwana wa Songea:

Nakubaliana na Mzee, na naongeza la kwetu Ruvuma, ambalo kwangu ndilo linalouma zaidi. Pale Litowa vijana wa TANU, chama cha Mwalimu, walianza kuishi na kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya amri yoyote, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Chama cha Maendeleo ya Ruvuma kilichokua kutokana na juhudi hizo kilikuwa na vijiji zaidi ya kumi, na katika vijiji hivyo mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi na kugawa mapato. Mwalimu mwenyewe alikisifu. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja na mali zake zikachukuliwa. Wakulima hawa hawakushindwa kuwa wajamaa. Walioshindwa ni wenye madaraka, ambao hawakuweza kuvumilia jambo jema lisilopitia mikononi mwao, na hiyo nayo ni hulka ya binadamu, tena ngumu kuliko uvivu.

Mjamaa:

Ndugu zangu, tusimhukumu Mwalimu kana kwamba hakuijua hulka hiyo. Miiko ya uongozi iliwekwa ndani ya Azimio kwa sababu aliijua: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na kila mmoja wetu anaona kilichofuata. Tukumbuke pia kwamba ukame wa 1973 hadi 1975 na kupanda kwa bei ya mafuta vingeitikisa nchi yoyote, na kwamba ni vijijini humo ambamo wazazi wetu wengi walijifunza kusoma na kuandika.

Mzee wa Nyanda za Juu:

Mjamaa, sikatai, mimi mwenyewe nilimfundisha baba yangu kuandika jina lake katika darasa la jioni la kijiji hicho. Ukame ulikuwepo, lakini tulihamishwa wakati wa kupanda, na hilo halikuletwa na mbingu. Mwalimu alikuwa muungwana: mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, alikiri kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Miiko ilimbana waziri asijenge nyumba ya kupangisha. Haikumpa mama yangu haki ya kumwambia mwenyekiti wa kijiji afungue daftari la hesabu.

Mwanafunzi wa Historia:

Ahsanteni sana, na pole kwa yaliyowapata, Mzee. Nilikuwa nauliza kama watu wa vijijini walifaa kwa Ujamaa. Sasa nitaanza insha yangu na daftari hilo: nani alilishika, nani aliruhusiwa kulisoma, na kwa nini kule Litowa hesabu zilijadiliwa mkutanoni wakati kwingine daftari lilifungiwa ofisini. Mwana wa Songea, kama wapo wazee wa Litowa walio tayari kuzungumza, nitasafiri kuja likizo ijayo.