Kukompailia Raspberry Pi: "file in wrong format", kisha GLIBC_2.34 haipatikani

sensa_joto aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Nina programu ya C inayosoma joto na kutuma vipimo kwa libcurl (laiburari ya mawasiliano ya mtandao). Najengea kwenye Ubuntu 22.04 ya x86-64. Programu inakwenda kwenye Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa biti 64 uliotokana na Debian 11. Kompaila ni ya vifurushi vya apt, gcc-aarch64-linux-gnu, na CMake (zana ya kuongoza ujenzi) nimeipa `-DCMAKE_C_COMPILER=aarch64-linux-gnu-gcc` tu. Faili za .c zinapita zote, kulinki (kuziunganisha na laiburari) ndiko kunakokwama:

```
ld: /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libcurl.so: error adding symbols: file in wrong format
```

Nikiondoa curl inajengeka, lakini Pi inaikataa:

```
/lib/aarch64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found
```

Tatizo ni kifurushi cha kompaila? Na je, `-static` (kuingiza laiburari zote ndani ya programu yenyewe) itanivusha?

fundi_bodi alijibu:

Kompaila ni nzima, mkuu. Hitilafu ni mbili, na zote zinatokana na laiburari kuokotwa mahali pasipo pa Pi.

Ya kwanza: ulitaja kompaila lakini hukuiambia CMake kwamba unajengea mashine nyingine. Bila `CMAKE_SYSTEM_NAME` inadhani programu itaendeshwa hapo hapo, hivyo `find_package(CURL)` imeridhika na libcurl ya x86-64.

Ya pili ni ya glibc, laiburari ya msingi ya C ambayo karibu kila programu ya Linux huitegemea. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, na kifurushi libc6-dev-arm64-cross kilichoingia pamoja na kompaila ni cha toleo hilo hilo. Debian 11 ina 2.31. Programu iliyolinkiwa na glibc mpya haiendi kwenye ya zamani; kinyume chake inakubali. Kuanzia 2.34, `__libc_start_main` ilipewa namba mpya ya toleo, ndiyo maana hata programu ya mistari mitatu inakataliwa.

Usihangaike kushusha glibc kwenye Ubuntu, na usithubutu kupandisha ya Pi kwa mkono: ikivunjika, hata `ls` haitafunguka. Jengea ndani ya kontena la Docker lenye Debian 11 (amri zinazofuata ile ya kwanza ziandikwe humo ndani):

```
docker run -it --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi debian:11 bash
dpkg --add-architecture arm64
apt update
apt install cmake crossbuild-essential-arm64 libcurl4-openssl-dev:arm64
```

Kisha andika faili `pi.cmake`:

```
set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR aarch64)
set(CMAKE_C_COMPILER aarch64-linux-gnu-gcc)
```

Futa folda ya zamani ya ujenzi kabla ya kuanza. Hili wengi hulipuuza, wakabaki na kosa lile lile: CMakeCache.txt imeshahifadhi njia ya libcurl ya x86-64, na haitaitafuta upya.

```
rm -rf build
cmake -S . -B build -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=pi.cmake
cmake --build build
```

Kabla ya kunakili kwenda Pi, kagua:

```
readelf -h build/sensa | grep Machine
readelf -V build/sensa | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu
```

Ya kwanza iseme AArch64. Ya pili isivuke 2.31. Ukiona 2.17 usishangae, ndilo toleo la chini kabisa kwa AArch64.

mzizi_wa_mfumo alijibu:

Naongezea, kwa sababu kuna ushauri unaozunguka sana: "nakili /usr/lib ya Pi, kisha tumia `--sysroot`", yaani kompaila ichukulie folda uliyonakilia kuwa mzizi wa mfumo wa Pi. Kwa kompaila ya apt hautoshi. Hata ukiipa `--sysroot`, bado inapekua `/usr/aarch64-linux-gnu/lib`, na humo ndimo ilimo glibc 2.35. Unalinki bila kosa lolote, halafu GLIBC_2.34 inakurudia kwenye Pi. Ongeza `-Wl,--trace` uone kila faili linka inayoifungua. Hapo hakuna kubahatisha.

Anayelazimika kunakili, mathalani kwa sababu laiburari yake ipo kwenye Pi tu, atumie kompaila ya tarball (kifurushi cha kupakua na kufungua mwenyewe, si cha apt) isiyofungamana na folda za Ubuntu, na anakili hivi:

```
rsync -aR --copy-unsafe-links pi@ANWANI:/usr/include :/usr/lib ~/sysroot/
ln -s usr/lib ~/sysroot/lib
```

`--copy-unsafe-links` ina kazi kubwa. Debian 11 ina viungo kama libdl.so vinavyoelekeza kwenye `/lib/...` kuanzia mzizi. Vikinakiliwa vilivyo, vinaelekeza kwenye mzizi wa kompyuta yako, ambako faili hizo hazipo.

Kompaila za tarball nyingi hazijui folda za Debian za aina ya `usr/lib/aarch64-linux-gnu`, kwa hiyo utakutana na `cannot find crt1.o` (faili ya kuanzishia programu). Ongeza `-B` yenye njia ya folda hiyo ndani ya sysroot, na `-Wl,-rpath-link` yenye njia ile ile. Na kwa pkg-config, zana ya kutafuta laiburari, weka `PKG_CONFIG_LIBDIR` pamoja na `PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR`. `PKG_CONFIG_PATH` peke yake inaongeza tu mahali pa kutafuta. Laiburari za x86-64 zinabaki kwenye orodha.

sensa_joto:

Kontena limekubali, toleo la juu linaloonekana ni 2.17 na Pi imeipokea. Ahsanteni sana. Swali la `-static` bado, na nina Pi Zero ya kwanza kabisa pia. Naweza kuijengea kwenye kontena hilo hilo kwa gcc-arm-linux-gnueabihf?

fundi_bodi:

`-static` achana nayo kwa programu ya mtandao. libcurl inaita `getaddrinfo`, na glibc itakuonya wakati wa kulinki kwamba kazi hiyo bado inahitaji laiburari za glibc ya toleo lile lile zikiwepo kwenye mashine.

Pi Zero hiyo ni ARMv6, ilhali armhf ya Debian (ARM ya biti 32, ambayo kompaila hiyo huijengea) inaanzia ARMv7. Utapata `Illegal instruction`. Kuweka `-march=armv6` hakutibu, kwani crt1.o na libgcc.a za kwenye kifurushi zimeshajengwa kwa ARMv7. `readelf -A` itakuonyesha `Tag_CPU_arch: v7`. Chukua zana za Bootlin zilizoandikwa armv6-eabihf, au uzijenge kwa crosstool-NG. Kwa vyovyote angalia glibc iliyomo kabla ya kuanza, isizidi ile iliyo kwenye Zero yako.