Mliotumikia jeshi la Marekani figo zikaharibika: tupeane uzoefu wa kudai fidia

Kombati Kuukuu: Kuna kijana tuliyeingia naye kwa MAVNI, ule mpango wa zamani wa kuandikisha wageni jeshini, kaniuliza habari za figo, nikakumbuka yangu. Nilitoka jeshini na magoti mabovu. Zahanati ya kikosi dawa ilikuwa moja: aibuprofeni ya miligramu 800. Miaka ikapita, eGFR, kipimo cha figo zinavyochuja damu, ikasoma 38. Nikadai figo moja kwa moja kwa VA, idara ya wanajeshi wastaafu, nikakataliwa, faili la jeshini halina neno figo. Wiki hiyohiyo daktari akaanza kunieleza mashine ya kusafisha damu. Nilikaa garini nikashindwa hata kumpigia mama Moro, maana angeuliza nakula nini huko. Kilichoniokoa ni njia ya pembeni: magoti yalishakubaliwa, magoti yakaleta vidonge, vidonge vikala figo. Daktari wa figo akaandika kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi. Hawahitaji uhakika! Leo nina asilimia 60 ya ulemavu, ndiyo wanayolipia fidia.

Mwana wa Mwanza: Hizo 800! Kifundo kimeteguka, 800. Mafua, 800.

BintiPemba: Mume wangu alianzia presha, ikakubaliwa, figo ikafuata. Sasa anasafishwa damu, hiyo ni 100.

Ngoma Nzito: Mlijipeleka wenyewe vitani, leo mnalilia kodi za watu.

Mwana wa Mwanza: Kodi gani, wewe uko Kimara?

Otis wa Kisumu: Mimi nilianguka Georgia, mazoezi ya Julai, mkojo mweusi kama kahawa. Misuli imevunjika, uchafu wake umeziba figo. Nikaamka ICU, sajenti amekaa pembeni analia.

BintiPemba: Mungu wangu! Ulikuwa na selimundu?

Otis wa Kisumu: Siumwi, nimebeba tu. Sikujua mpaka siku hiyo.

Kombati Kuukuu: Wewe njia yako nyeupe, kila kitu kiko kwenye faili. Dai jana!

Zungu la Unga: Tafuteni wakala, wangu nilimpa asilimia yake akamaliza kila kitu.

Kombati Kuukuu: Usitoe hata senti! Dai la kwanza sheria hairuhusu kutozwa. Vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV na American Legion wanakuandalia bure. Na peleka kwanza taarifa ya nia ya kudai, inakushikia tarehe ya kuanzia malipo mwaka mzima.

Ngoma Nzito: Kunyweni dafu, figo zitasafika.

BintiPemba: Dafu lina potasiamu, linaweza kumuua mtu wa figo. Nyamaza kaka.

Zungu la Unga: Na Camp Lejeune je, ile kambi ya maji yenye sumu?

Kombati Kuukuu: Ile kwa upande wa figo ni saratani, kwa waliokaa pale siku 30 au zaidi kati ya 1953 na 1987. Mwaka 1987 wewe ulikuwa wapi?

Zungu la Unga: Chekechea.