Bi mkubwa kaungua na ekzosi ya bodaboda, papai bichi au shubiri?

Kijana wa Mama: Habari wakuu. Bi mkubwa aliungua mguuni na ekzosi ya bodaboda, hii wiki ya pili kidonda hakikauki na katikati kuna nyama nyeupe imekufa. Jirani anasema tuponde papai bichi tumbandike, mama mdogo kashikilia shubiri, mi nipo njia panda. Halafu ana sukari. Kuna aliyewahi kutumia hivi vitu?

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu, na mama umpe pole. La papai sio uzushi, utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinaitwa papaini ambacho kinakula protini, ndo maana nyama ngumu ukiipaka papai inalainika kabla hujaibandika jikoni, na kwenye kidonda kinayeyusha ile nyama iliyokufa. Huko Gambia, hospitali ya Banjul, walikuwa wanawabandika watoto walioungua papai lililopondwa. Ila kuna watu linawaletea aleji mbaya, Marekani mwaka 2008 walizuia dawa za kupaka zenye papaini kwa sababu hiyohiyo. Na mtu wa sukari miguu mara nyingi imekufa ganzi, likimchoma hatasikia, mtakuja kushtuka shimo limekuwa kubwa. Mi nisingebandika.

Dada Maandazi: Shubiri nilitumia niliporukiwa na mafuta mkononi, ilinisaidia sana. Ila ule utomvu wa njano chini ya ganda usipake, una aloini, unawasha balaa. Simamisha jani uchuruzike kwanza, osha, menya, chukua jeli nyeupe tu, ndo yenye asemanani inayosaidia ngozi kujijenga. Ila yangu ilikuwa ya juujuu, ngozi imeiva tu, haikuwa na shimo kama unavyosema ya mama.

Kijana wa Mama: Na asali je? Ipo ndani.

Nesi Mstaafu: Asali inafanya kazi kweli, inavuta maji, ina asidi, na kimeng'enya cha nyuki kinatoa haidrojeni peroksaidi inayoua bakteria. Lakini ya vidonda inapigwa mionzi kuua vijidudu, hiyo ya kwenye chupa ndani haijapitia hapo. Mwanangu, wiki mbili, nyama imekufa, na sukari juu, hapo sio pa kujaribu majani. Funika na kitambaa safi, kesho asubuhi mpeleke wakasafishe, wapime sukari, na uliza sindano ya pepopunda.

Kijana wa Mama: Asante mama, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi.